Abdul Hafeez Kardar, kapiteni aliyecheza pande mbili za mpaka

Septemba 14, 2025, huko Dubai, mechi ya kriketi kati ya India na Pakistan iliisha bila watu kusalimiana. India ilishinda, wachezaji wake wakaingia katika chumba chao, na Wapakistani wakabaki uwanjani wakingojea mikono ambayo haikuja. Miezi 4 mbele ya siku hiyo, majeshi ya inchi hizo mbili yalikuwa yamepigana kwa makombora na ndege zisizo na rubani.

Huku kwetu Kivu, watu hao si wageni. Kwa miaka mingi askari wa India wenye kofia za buluu walikaa Goma na sehemu zingine za Kivu ya Kaskazini, na wenzao wa Pakistan walikaa Bukavu na Kivu ya Kusini, mpaka MONUSCO ilipofunga kazi yake Kivu ya Kusini mwaka wa 2024. Walivaa kofia ya rangi moja na kutumikia bendera moja. Wengi kati yetu hatukufikiri hata siku moja kwamba kule kwao, majeshi hayo mawili yanatazamana kwa bunduki toka pande mbili za mpaka mmoja.

Habari ya Dubai ilinikumbusha mtu aliyeitwa Abdul Hafeez Kardar. Alivaa kwanza sare ya India, halafu akawa kapiteni wa kwanza wa Pakistan katika mechi kubwa za mataifa. Ni yeye aliyeongoza ekipe ya Pakistan iliyoingia India miaka 5 tu kisha mauaji ya mwaka wa 1947. Ni yeye pia alikuwa kapiteni wakati mpaka wa karibu na Lahore ulifunguliwa ili maelfu ya watu wavuke kwenda kutazama mchezo. Na bado, hakuwa mtu wa maneno matamu juu ya undugu. Alitaka kuishinda India, basi. Hilo ndilo linanifanya nione maisha yake yanastahili kusimuliwa leo.

Mtoto wa Lahore

Kardar alizaliwa Januari 17, 1925, katika mji wa Lahore, wakati India yote ilikuwa bado chini ya Waingereza. Lahore ya wakati huo ilikuwa mji wa Waislamu, Wahindu na Masingasinga waliokaa mtaa mmoja, waliosoma shule moja na kununua katika soko moja. Alisoma katika Islamia College, na huko ndiko jina lake lilianza kusikika. Mechi kati ya Islamia College na Government College zilikuwa zinajaza watu, na vijana waliotoka katika vyuo hivyo viwili walikuja kuwa uti wa mgongo wa ekipe ya Pakistan.

Kwa msomaji anayejua kabumbu peke yake, nieleze kidogo. Katika kriketi, kila upande una watu 11. Mmoja anarusha mpira mdogo na mgumu, mpinzani wake anaupiga kwa ubao kisha anakimbia kutafuta pointi, na wale wengine wanajaribu kumtoa. Kila ekipe inapata zamu mbili za kupiga. Mechi kubwa kabisa kati ya mataifa zinaitwa Test. Zinachukua siku 4 au 5, watu wanasimama kula chakula cha mchana na kunywa chai, na mwishoni inawezekana asipatikane mshindi. Waingereza waliupeleka mchezo huo Uganda, Kenya na Tanzania. Sisi tulitawaliwa na Wabelgiji, kwa hiyo haukutufikia. Urefu huo wa siku nyingi una maana kubwa katika habari hii: mtu anayevuka mpaka kwenda kutazama Test hawezi kurudi kisha dakika 90. Anahitaji mahali pa kulala, mahali pa kula, na mtu wa kuzungumza naye jioni.

Lakini tusidanganyane. Mchezo wenyewe haukuwa na usafi wa malaika. Huko Bombay, shindano lililopendwa kuliko yote lilikuwa na ekipe zilizogawanywa kwa dini na kabila: Wahindu, Waislamu, Waparsi, Wazungu, na moja ya waliobaki. Gandhi alilipinga, na lilifungwa mwaka wa 1946, siasa ya kugawa inchi ilipokuwa imechemka. Kardar alikomaa katika kriketi ya namna hiyo, ambamo kila mtu alijua mpigaji anasali wapi.

Mwaka huo wa 1946, akiwa na miaka 21, alichaguliwa katika ekipe ya India iliyokwenda Uingereza. Wakati huo aliandikwa tu Abdul Hafeez. Jina la Kardar alianza kulitumia baadaye. Alicheza Test 3, ya kwanza katika uwanja wa Lord's, London. Alipiga kwa mkono wa kushoto na kurusha kwa mkono wa kushoto, pole pole. Hakuwaka sana. Katika ekipe ile ile alikuwamo Lala Amarnath, Mhindu aliyelelewa Lahore, mkubwa wake kwa miaka zaidi ya 10. Watu hao wawili wa mji mmoja walivaa sare moja majira hayo ya joto. Hawakuivaa tena pamoja.

Mstari kati ya Lahore na Amritsar

Kisha safari hiyo, Kardar alibaki Uingereza kusoma katika Chuo Kikuu cha Oxford. Ndiyo maana Agosti 1947 ilimkuta mbali.

Mwanasheria Mwingereza, Cyril Radcliffe, ambaye mbele ya kazi hiyo hakuwa amekanyaga India, alipewa wiki 5 hivi kuchora mpaka. Mstari wake ulitangazwa Agosti 17, siku 2 kisha uhuru. Lahore ikaanguka Pakistan, Amritsar ikaanguka India, na kati ya miji hiyo miwili kuna kilometa 50 hivi tu. Watu kati ya milioni 10 na 15 walihama. Waliouawa, wanahistoria hawapatani: kuna wanaosema laki kadhaa, kuna wanaosema zaidi ya milioni 1. Treni zilifika zikiwa zimejaa maiti. Wakaaji wa Goma, ambao wanaona Gisenyi kwa macho toka barabarani, hawahitaji kuelezwa sana namna mstari wa karatasi unavyoweza kumfanya jirani kuwa mtu wa ng'ambo.

Wachezaji nao walipitia humo. Amarnath alipoteza makao yake Lahore, akabaki upande wa India. Fazal Mahmood, mrushaji kijana wa Lahore, alikuwa amechaguliwa na India kwa safari ya Australia. Alisimulia baadaye kwamba alipokuwa ndani ya treni akitoka katika mazoezi ya ekipe ya India, watu wenye hasira walitaka kumuua kwa sababu ni Mwislamu, na aliyesimama mbele yao akiwa na ubao wa kriketi mkononi alikuwa C. K. Nayudu, Mhindu, kapiteni wa kwanza wa India. Fazal aliponea hapo. Alirudi Lahore, akaacha safari ya Australia, na akawa Mpakistani. Ulikuwa mkono wa Mhindu uliookoa silaha kali kuliko zote ambazo Pakistan ingekuja kuzielekeza India.

Kardar, kule Oxford, hakuona damu hiyo. Lakini hakuwa na mashaka juu ya upande wake. Aliamini kabisa kwamba Waislamu wa India walistahili inchi yao, na imani hiyo hakuiacha mpaka kufa. Alichezea Oxford mpaka mwaka wa 1949, akachezea pia Warwickshire, ekipe ya kulipwa ya Uingereza, ambako alipata bibi, mtoto wa mkubwa wa ekipe hiyo. Mtu angeweza kukaa huko, kula mshahara na kusahau. Yeye alirudi katika inchi ambayo haikuwa na viwanja vya kutosha, haikuwa na feza, na haikutambuliwa katika mchezo.

India inafungua mlango

Kutambuliwa ndiko kulikuwa shida. Kriketi ya dunia iliongozwa toka London, na inchi isiyokubaliwa na baraza la huko haikuweza kucheza Test. Mwishoni mwa mwaka wa 1951 Waingereza walileta ekipe Karachi. Pakistan, ikiongozwa na Kardar, iliishinda. Hapo hoja ikapata miguu. Na Julai 1952, Pakistan ilipokubaliwa, inchi iliyoipendekeza katika baraza ilikuwa India.

Nataka msomaji asimame hapo kidogo. Inchi hizo mbili zilikuwa zimepigana juu ya Kashmir mwaka wa 1947 na 1948. Wakimbizi walikuwa bado wanakaa katika kambi. Na bado, wakubwa wa kriketi wa India ndio walimfungulia jirani mlango. Walikuwa na faida yao, bila shaka: walihitaji mpinzani wa karibu, anayefikiwa kwa treni, ambaye angejaza viwanja. Faida si neno baya katika habari za amani.

Miezi michache tu baadaye, Oktoba 1952, Kardar akavuka mpaka na ekipe yake. Upande wa pili, kapiteni wa India alikuwa nani? Lala Amarnath, mtu wa Lahore. Angalia pia majina ya wengine. Amir Elahi, aliyekuwa upande wa Pakistan, alikuwa amekwisha kuchezea India. Gul Mohammad, mzaliwa wa Lahore, alicheza safari hiyo upande wa India, na miaka 4 baadaye akachezea Pakistan. Katika historia yote ya Test, watu waliozichezea inchi zote mbili ni 3 tu: Elahi, Gul Mohammad na Kardar. Katika mechi hizo za 1952 wote 3 walikuwamo.

Kulikuwa na vikundi vya Wahindu vilivyopinga ziara hiyo na kusema ni aibu kumkaribisha adui. Watu walijaa viwanjani hata hivyo. Huko Delhi, katika Test ya kwanza kabisa ya Pakistan, Vinoo Mankad wa India aliwatoa wachezaji 13, na Pakistan ikapigwa vibaya. Magazeti yakaanza kuuliza kama mtoto huyo amekomaa kukaa na wakubwa.

Jibu lilikuja Lucknow, wiki hiyo iliyofuata. Nazar Mohammad alipiga toka mwanzo mpaka mwisho wa zamu ya ekipe yake, bila kutolewa, akapata pointi 124. Fazal, yule wa treni, aliwatoa wachezaji 12 wa India katika zamu zao mbili. Wahindi walipiga mara mbili na bado hawakufikia pointi ambazo Pakistan ilikuwa imepata mara moja. Katika kriketi hakuna kipigo kinachouma kama hicho. Ilikuwa Test ya pili tu ya Pakistan.

India ilishinda tena Bombay, na mechi za Madras na Calcutta hazikupata mshindi. Kwa ujumla India ilibeba ushindi, 2 kwa 1. Lakini kwa maoni yangu Lucknow ilikuwa na uzito kuliko hesabu hiyo. Salamu ya kweli inahitaji watu wawili wenye kimo kinacholingana. Mpaka siku ile, Pakistan machoni pa wengi ilikuwa kipande kilichokatwa. Kisha Lucknow ilikuwa mpinzani. Kardar alijua tofauti hiyo, na ndiyo aliyokuwa anaifuata.

Namna ya uongozi wake haikupendeza kila mtu. Wachezaji walimwita Skipper, yaani kapiteni, na hata alipozeeka jina hilo lilimfuata. Alikuwa mkali, mwenye kujiona, mtu wa Oxford kati ya vijana ambao wengine walitoka katika familia maskini za wakimbizi. Hanif Mohammad, kwa mfano, alikuwa mtoto wa miaka 17 aliyehama na familia yake toka Junagadh, upande wa India. Kardar hakubembeleza mtu. Alitaka wavae sawasawa, wasimame sawasawa, wafike kwa saa. Aliona kila mmoja wao kama balozi wa inchi ambayo dunia ilikuwa bado haijaiamini. Agosti 1954, katika uwanja wa Oval huko London, aliwaongoza kuishinda Uingereza kwa pointi 24, Fazal tena akitoa wachezaji 12. Hakuna ekipe nyingine iliyokuwa imewahi kushinda Test Uingereza katika ziara yake ya kwanza.

Siku mpaka ulipofunguliwa

Mwanzo wa mwaka wa 1955 ilikuwa zamu ya India kwenda Pakistan. Test ya kwanza ilichezwa Dacca, mashariki, mji ambao leo ni makao makuu ya Bangladesh. Zilifuata Bahawalpur, Lahore, Peshawar na Karachi. Mechi 5, na zote 5 hazikupata mshindi.

Kama mchezo, zilikuwa mbaya. Niseme wazi: zilichosha. Kardar hakutaka kushindwa na India mbele ya watu wake, na Vinoo Mankad, kapiteni mpya wa India, hakutaka kurudi nyumbani na aibu. Kila mmoja alijilinda. Walipiga mpira kama mtu anayevuka mto akipapasa kila jiwe. Hapo unaona hofu ya pande mbili ikitembea uwanjani kwa mavazi meupe.

Lakini Lahore, mwishoni mwa Januari, kulitokea jambo ambalo halikuwa na uhusiano na pointi. Serikali mbili zililegeza masharti ya kuvuka, na watu wa India wakaanza kuja kupitia kituo cha Wagah, barabara ile ile ya Amritsar. Inakadiriwa walikuwa kama 10,000. Magazeti ya wakati huo yaliandika kwamba hakujaonekana watu wengi hivyo wakivuka mpaka huo tangu 1947. Safari hii hawakuwa wanakimbia. Walikuwamo Wahindu na Masingasinga ambao miaka 7 na nusu mbele ya hapo walitoka Lahore usiku wakiacha nyumba na maduka. Walirudi wakiwa na tiketi ya mchezo mkononi. Watu wa Lahore waliwafungulia nyumba zao, na wenye maduka waliwapunguzia bei. Kiongozi wa msafara wa ekipe ya India alikuwa Lala Amarnath, aliyekuwa anarudi katika mji uliomlea.

Nani alifanya hayo? Kardar hakuchora mpango wa amani. Hakuna aliyemwomba. Kazi yake ilikuwa kujenga ekipe ambayo India isingeweza kuidharau, na kwa sababu ekipe hiyo ilikuwapo, mechi ilikuwapo, na kwa sababu mechi ilikuwapo, mlinzi wa mpaka alipata sababu ya kuinua kizuizi. Mtu wa Amritsar hakuweza kuomba karatasi ya kuvuka akisema anataka kwenda kulia mbele ya nyumba yake ya zamani. Kusema anakwenda kutazama kriketi, hilo liliwezekana.

Mechi ilipoisha, wageni walirudi kwao, na kizuizi kikashuka.

Kidole kilichovunjika

Kardar aliendelea miaka 3. Aliishinda New Zealand, na mwaka wa 1956 akaishinda Australia huko Karachi. Safari yake ya mwisho ilikuwa West Indies mwaka wa 1958. Huko Kingston, Jamaica, kidole kimevunjika na daktari amemkataza, aliingia uwanjani kwa sababu warushaji wake wengine walikuwa wameumia. Alirusha mipira zaidi ya 220, wakati kijana aliyeitwa Garfield Sobers alikuwa anapiga pointi 365, nyingi kuliko mtu yeyote alivyokuwa amepata katika zamu moja ya Test mpaka siku hiyo. Pakistan ilipigwa hapo, lakini ilishinda mechi ya mwisho ya ziara hiyo. Kardar akaacha kucheza. Aliongoza Pakistan katika Test zake 23 za kwanza, bila kukosa hata moja: alishinda 6, akapoteza 6, na 11 hazikupata mshindi.

Siasa ilimchukua kisha hapo. Mwaka wa 1970 alichaguliwa katika bunge la jimbo la Punjab kwa chama cha Zulfikar Ali Bhutto, akawa waziri wa jimbo. Tangu 1972 mpaka 1977 aliongoza baraza la kriketi la Pakistan. Na katika miaka hiyo ndipo daraja lilikuwa limevunjika kabisa. India na Pakistan zilipigana mwaka wa 1965, zikapigana tena mwaka wa 1971, na Dacca, mji wa Test ya kwanza nyumbani, haukuwa tena Pakistan. Toka Februari 1961 mpaka Oktoba 1978, inchi hizo hazikucheza Test hata moja. Miaka 17. Kijana aliyezaliwa Lahore mwaka wa 1961 alifika umri wa kuoa bila kuona Mhindi akipiga mpira katika mji wake.

Kwa hiyo kiongozi wa kriketi aliyewahi kuvaa sare ya India alimaliza muda wake wote bila kupokea ekipe ya India hata mara moja. Nguvu zake alizielekeza kwingine. Alipigana katika mikutano ya London dhidi ya uwezo wa Uingereza na Australia wa kukataa jambo lolote peke yao. Aliomba pia Sri Lanka ikubaliwe kucheza Test, kama India ilivyokuwa imeiombea Pakistan. Ilikubaliwa mwaka wa 1981, yeye akiwa amekwisha kutoka.

Kutoka kwake hakukuwa kuzuri. Wachezaji wa kizazi kipya, Imran Khan akiwamo, walidai mshahara mkubwa zaidi. Kardar aliona kuvaa sare ya taifa ni heshima, si biashara. Aliwakatalia, serikali ikaingilia upande wao, akajiuzulu mwaka wa 1977. Hapo, kwa maoni yangu, alikosea. Heshima hailipi nyumba. Ukali ule ule uliofanya vijana wa 1952 wasimame wima, miaka 25 baadaye uliwafanya watoto wao wamwone mzee asiyesikia.

Alikuwa hai mwaka wa 1987 wakati Jenerali Zia-ul-Haq, raisi wa Pakistan, alipanda ndege kwenda Jaipur kutazama Test ya India na Pakistan, majeshi mawili yakiwa yamesogezwa karibu na mpaka. Dunia ikapata neno jipya, diplomasia ya kriketi. Wengi wanafikiri habari ilianzia hapo. Mwanzo wa miaka ya 1990 Kardar mwenyewe alifanywa balozi wa Pakistan Uswisi.

Mwaka wa 1996, India, Pakistan na Sri Lanka zilipokea pamoja Kombe la Dunia. Mbele ya mechi kuanza, bomu liliua watu wengi Colombo, na Australia na West Indies zikakataa kwenda kucheza huko. Februari 13, ili kuonyesha dunia kwamba Colombo inaweza kupokea watu, wachezaji wa India na Pakistan walipanda ndege pamoja, wakaunda ekipe moja, wakacheza na Sri Lanka. Ilikuwa mechi ya kirafiki ya siku moja. Lakini walikuwa watu 11 wa pande mbili chini ya kapiteni mmoja, jambo ambalo Kardar na Amarnath waliliona mara ya mwisho mwaka wa 1946.

Fainali ilichezwa Machi 17, Lahore. Sri Lanka iliishinda Australia na kubeba kombe. Kardar alikufa Aprili 21 mwaka huo huo, akiwa na miaka 71. Amarnath alimfuata mwaka wa 2000, upande wa pili wa mpaka.